Pikapu Mbili na Kabati la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza shajara. Mtu asiyesikika jukwaani atafute pa kusikika, hata kama ni kwenye daftari linalofichwa chini ya godoro.

Juzi tulipiga harusini. Sukari, mpiga gitaa la solo wa bendi yetu, alishangiliwa mpaka bwana harusi akasahaulika. Mimi napiga gitaa la rithimu. Wakati wa mapumziko shangazi wa bibi harusi alinijia akaniomba nimsogezee spika, alidhani mimi ndiye mbeba vyombo. Nikaisogeza. Ningefanya nini? Sukari aliona. Akanyamaza kiungwana, jambo ambalo sijamsamehe.

Nimetafakari. Kosa si langu, ni la gitaa. Lile gitaa ni plaiwudi iliyopakwa rangi nyekundu, na pikapu zake zinavuma kama friji bovu. Naandika wazi, ili watakaokuja kusoma maisha yangu wasichanganyikiwe: sisi wapiga gitaa tukisema pikapu hatusemi gari. Ni vile visumaku vilivyozungushiwa waya, vinavyokaa chini ya nyuzi na kunasa sauti. Unaweza kuvitia mfukoni.

Gitaa kamili nimeshalichora kichwani. Kiwiliwili cha mkangazi wa zamani, mkavu, wenye sauti nzito. Shingo ya mvule, isipinde. Ubao wa vidole wa mpingo, vidole viteleze. Pikapu ndogo ya koili moja mbele, karibu na shingo, kwa sauti nyororo. Pikapu kubwa ya koili mbili nyuma, kwa sauti ya kupasua ukumbi. Nikishika gitaa hilo, Sukari atatafuta kazi nyingine.

Pikapu nimezipata. Jamaa mmoja anayeuza vifaa vya muziki vilivyotumika amekubali tubadilishane na baiskeli yangu. Mke wangu nimemwambia baiskeli iko kwa fundi. Si uongo mkubwa. Huenda yule jamaa ni fundi pia.

Jioni nikapita kwa seremala wa mtaani kwetu. Mvule na mpingo ana mabaki yatakayonitosha. Lakini mkangazi wa zamani hauuzwi, akasema. Uko vyumbani kwa kina mama wazee, ulishageuzwa vitanda na makabati.

Nikakumbuka kabati la mama mkwe. Moyo ukaruka.

Jumanne, 4 Machi

Nilitoka mapema kwenye duka la fotokopi ninakofanya kazi, nikaenda kwa mama mkwe kwa miguu. Jumamosi anahamia nyumba ndogo iliyo jirani na kwetu, magoti yake hayataki ngazi tena. Nikasema nimekuja kuona kama anahitaji msaada. Alishtuka. Tangu nimuoe binti yake sijawahi kuuliza hilo.

Kabati liko chumbani. Milango miwili mipana, mkangazi mtupu, zawadi ya marehemu mumewe. Nililigonga kwa kifundo cha kidole na kuweka sikio. Sauti! Ndefu, ya mviringo, kama mtu anayeguna kwa kuridhika. Mama mkwe akanikuta nimelikumbatia. Akauliza kama nasikiliza mchwa. Nikasema ndiyo. Akaniombea dua kwa kumjali.

Nikiwa sebuleni, yule jamaa wa vifaa akapiga simu. Nilipokea kwa sauti ya juu, maana mama mkwe alikuwa jikoni na nilitaka ajue kuwa nami napigiwa simu za kikazi. Nikasema ndiyo, pikapu zote mbili nazihitaji. Ndogo itakaa mbele, kubwa nyuma, hiyo ndiyo yenye nguvu. Nikauliza kama zimetumika sana huko zilikotoka. Nikasema azilete nyumbani, baiskeli ameshachukua, sina deni.

Mama mkwe alitoka jikoni amebadilika. Aliniondoa kwenye stuli, akanikalisha kwenye kiti cha marehemu mumewe. Chai ikaja kwa kikombe cha wageni. Akaniita "baba". Sikuelewa, ila nilikunywa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeelewa.

Mke wangu amerudi kutoka kwa mama yake na uso wa kuuliza. Akataka kujua ni lini nimenunua magari mawili. Nikacheka. Yeye hakucheka. Ananijua, alihisi mara moja kuwa ni mambo ya magitaa, na suala la baiskeli akaling'amua hapohapo. Lakini mama yake hajui pikapu za magitaa. Anajua pikapu za kubebea mizigo. Mtaa mzima ameshauambia kuwa mkwe wake ameingia kwenye biashara ya usafirishaji, ana gari mbili, ndogo na kubwa. Mwenye lori aliyekuwa amhamishe Jumamosi, mama ameshamrudisha. Amemwambia asijisumbue, mkwe wake yupo.

Mke wangu akasema niende sasa hivi nikamweleze. Nikaenda. Njiani nilipanga maneno vizuri kabisa: "Mama, kumetokea kutoelewana kidogo."

Nilimkuta barazani na majirani wawili. Wale ambao siku zote wakiniona huuliza kama bado nacheza na vigitaa. Leo walisimama kunipokea. Mmoja aliniita mheshimiwa. Mama mkwe alinivuta pembeni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu," akasema, "miaka yote hii nimekuwa nikikutetea mbele yao. Leo wamenyamaza wenyewe."

Macho yake yalikuwa na machozi. Na kabla sijaanza maneno niliyoyapanga, akaongeza kuwa lile kabati halitapita mlango wa nyumba mpya. Nimelionea huruma, ameona, basi nilichukue mimi.

Hapo ndipo ningesema. Naandika hapa ili nijitazame: hapo ndipo ningesema. Badala yake niliuliza Jumamosi tuje saa ngapi.

Mke wangu aliniuliza kama nimemaliza. Nikamwambia tumeelewana vizuri sana na mama. Akashusha pumzi, akanisifu kwamba nimefanya kiume. Chakula hakikupita kooni. Baadaye kilipita.

Ijumaa, 7 Machi

Nahitaji pikapu. Ya magurudumu.

Nilimwendea mwenye duka la fotokopi, akaniambia gari lake halibebi vitanda. Nikamwendea mwenye lori. Huyo alishasikia kuwa mimi ni mshindani wake, hata salamu yangu hakuitikia.

Katika watu wote ninaowafahamu, mwenye pikapu ni mmoja tu. Sukari. Mchana husambaza mitungi ya gesi. Gari lake kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba, lakini linakwenda.

Nilizunguka nyumba yake kama mwizi anayepima ukuta. Akaniona dirishani, akanikaribisha. Nilikuwa tayari kwa masharti yake yoyote. Nilidhani atataka nimbebee amplifaya mwaka mzima, au nikiri mbele ya bendi kwamba yeye ni bora. Nilishaandaa hata chuki ya kumchukia nayo. Nikamwambia mama mkwe anahama na gari alilolitegemea limemkwamisha. Sukari akauliza saa ngapi tu. Basi. Akasema mama wa mwenzake ni mama yake.

Nilirudi nyumbani nimenywea. Mtu akikunyima, unajua pa kusimama. Huyu aliniacha bila hata pa kushika.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike haraka, nisije nikabadilisha mambo.

Asubuhi Sukari alinipitia. Nilipanda mbele. Nilikuwa na nafasi njia nzima ya kumwambia alichokuwa anakwenda kukikuta. Nilizungumzia hali ya hewa.

Mama mkwe alikuwa mlangoni amevaa vizuri, majirani kwenye madirisha. Alilizunguka gari, akaligusa boneti kwa kiganja, akasema gari linapendeza, ila mlango huu nimwambie dereva autengeneze. Kisha akamgeukia Sukari. Alimwambia awe mwangalifu na vyombo vya glasi, na kwenye matuta asikimbize gari la bosi wake.

Sukari akanitazama. Mimi nikaitazama meza iliyokuwa ikingoja kupakiwa.

"Sawa, mama," akasema.

Akavua shati la juu, akaanza kubeba. Alibeba godoro, akabeba friji, karibu ambebe na mama mkwe mwenyewe pale ngazini. Mimi nilisimama kando nikionyesha kwa kidole, maana bosi hufanya nini? Nilijaribu kushika kiti kimoja, mama mkwe akanizuia. Akasema kazi ya kubeba ina wenyewe.

Akauliza ile pikapu kubwa iko wapi. Nikasema iko gereji. Akamuuliza Sukari ameanza lini kunifanyia kazi. Sukari akajibu bila kutua mzigo kuwa ameanza leo leo.

Vyombo vikapakuliwa salama. Nyumba mpya ilijaa watu: majirani wapya walikuja kumpokea, na wawili wale wa zamani walikuja nyuma ya gari kushuhudia. Kabati ndilo lililobaki garini, likingoja kupelekwa kwangu. Nilikuwa nimeshaanza kupumua.

Ndipo akaingia mke wangu na bahasha ya kaki. Yeye, masikini, aliamini kila kitu kimeshasemwa. Akanikabidhi mbele ya wote, kwa tabasamu, akasema yule jamaa amepita nyumbani, pikapu zangu hizi hapa zimefika.

Mama mkwe aliniangalia mimi, akamwangalia mwanawe, akaichukua bahasha mkononi mwangu taratibu. Akazitoa. Ndogo na kubwa. Akaziweka kwenye kiganja, akazisogeza karibu na macho, akaigeuza ile kubwa chini juu. Waya wake mwembamba ukaning'inia kama mkia wa panya.

"Na hii inabeba nini?" akauliza.

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli. Jirani mmoja alikohoa kile kikohozi ambacho si kikohozi. Nilitamani sakafu ipasuke, lakini ilikuwa sakafu mpya, ya saruji nzuri.

Aliyejibu alikuwa Sukari, kutoka mlangoni, jasho likimtiririka.

"Inabeba sauti, mama," akasema. "Bila hiyo gitaa halisikiki."

Mama mkwe alimshukuru. Kisha akamuuliza lile gari la nje ni la nani. Sukari akachezea kamba ya kufungia mizigo. Akaulizwa tena. Akasema ni lake. Mama mkwe akamwendea pale mlangoni, akamwomba radhi, mama mtu mzima, kwa kumwita dereva na kumbebesha friji. Sukari akasema hakuona kosa. Mama akasisitiza kuwa kosa lipo, ila si la Sukari.

Mimi hakunisema. Laiti angenisema. Aliniambia tu nipeleke sufuria jikoni, kwa sauti anayotumia kwa watoto wa jirani. Nikazipeleka. Nilikaa huko jikoni nikizipanga, nikazipanga tena, mpaka niliposikia watu wanaondoka.

Kabati amempa Sukari. Mlango wa nyumba yake ni mpana. Mimi ndiye niliyesaidia kukaza kamba.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu amepika, amekula, ameosha. Kila nikiingia chumbani anakumbuka kitu sebuleni. Nilijaribu mzaha mmoja kuhusu bahasha. Sitaurudia hapa.

Mchana akasema, akiwa amenipa mgongo. Akasema alipoolewa na mpiga gitaa wa rithimu alijua anaolewa na nani, na hakuwahi kuona haya hata siku moja. Jana ndiyo mara ya kwanza. Tena si kwa sababu ya gari. Ni kwa sababu alimsifu mumewe kwa mama yake kwamba amekwenda kusema ukweli kama mwanamume, na mama yake akakaa kimya kwa kuwa hakujua binti yake anasifu nini.

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilifikiria kabati tu.

Nikaenda kuomba msamaha. Niliandaa hotuba. Mama mkwe alinisikiliza hadi nilipofika katikati, akaniambia kitanda chake hakijaunganishwa, amelala chini. Nikainama nikaunganisha. Zilibaki skrubu mbili nisizojua za wapi, nikazitia mfukoni. Nilipomaliza akakalia kitanda, kikatoa mlio, akasema amenisamehe. Akasema pia kuwa hajui awaambie nini majirani, kwa hiyo atawaambia ukweli, na ukweli ni kwamba nilikuja kuunganisha kitanda.

Nilitoka pale nikiwa mdogo kuliko skrubu zile.

Jumatano, 12 Machi

Mazoezi ya bendi. Nilikusudia kutokwenda. Nilikwenda nikiwa nimechelewa makusudi, nikakaa nyuma ya ngoma.

Sukari hajamwambia mtu. Nilichunguza nyuso zote, hakuna aliyejua. Hilo likaniuma zaidi. Baadaye akaniita kwenye gari. Amepima kabati, linaenea vizuri kwake, ila rafu moja ya ndani ilikuwa imelegea na mkewe haitaki. Ubao mpana, mnene, mkangazi uleule. Akasema amesikia natafuta mbao za gitaa.

Ningekataa. Mtu mwenye haya angekataa. Nikauliza kama rafu nyingine nazo zimelegea.

Ijumaa, 14 Machi

Kwa seremala. Nilichora mchoro wa kiwiliwili kwenye karatasi ya kalenda, nikaukata, nikaulaza juu ya ubao, nikaupitisha penseli. Seremala aliuliza kama nina hakika ndivyo unavyolala. Nikamwambia gitaa lina wenyewe. Akauliza tena. Nikamwambia akate.

Amekata vizuri sana.

Nililaza karatasi kifudifudi. Nimetengenezewa gitaa la mashoto, la mtu anayepigia mkono wa kushoto. Na mimi si mashoto, wala simfahamu mashoto yeyote. Ubao umekwisha. Seremala alitazama pembeni, akaanza kufagia mahali palipokuwa pasafi.

Nikamwambia ndivyo nilivyotaka. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Yeye alikuwepo, tena aliuliza mara mbili!

Nitalishika hivyohivyo, kwa kuligeuza. Muhimu ni mbao. Muhimu ni pikapu.

Jumamosi, 22 Machi

Harusini tena, kwa mara ya kwanza na gitaa langu kamili. Mkangazi, mvule, mpingo, koili moja, koili mbili. Pikapu hazivumi hata kidogo. Kila noti inasikika safi kabisa, imenyooka, haina pa kujificha.

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Zamani mvumo ulinisitiri. Leo ukumbi mzima umesikia vidole vyangu kama vilivyo. Kwenye wimbo wa pili nilikosa mahali pa kuingia, nikaingia, nikatoka, nikaingia tena. Waliokuwa wakicheza walisimama mguu juu. Gitaa lililogeuzwa lilinichoma ubavuni, vitufe vya sauti vikawa juu, na kiwiko changu kikawa kinavizungusha bila idhini. Nikasikika sana. Kisha nikanyamaza kabisa. Kisha sana.

Mke wangu alikuwa meza ya mbele na mama yake. Mama mkwe aliinamia sahani yake mpaka wimbo ukaisha, kama mtu anayetafuta mwiba.

Sukari alipoona, akasogea karibu na kuanza kupiga sehemu yangu pamoja na yake, taratibu, akinifunika. Watu wakarudi kucheza. Nilichezesha vidole hewani mpaka mwisho. Nilipigiwa makofi. Nikainama kushukuru.

Nyuma ya jukwaa nilimwambia asante. Nilimwambia kweli, kwa mdomo wangu, nikimtazama usoni. Akasema si kitu. Nikaenda kukaa nyuma ya pazia, nikafunika uso kwa kitambaa cha kufutia gitaa.

Jumapili, 23 Machi

Nimeamka nikiwa mtu mpya. Nimeapa: sitadanganya wakwe, sitamwonea wivu mtu, sitalaumu chombo.

Hata hivyo, nimefikiri. Nyuzi sita ni nyingi. Hapo ndipo kosa lilipo. Mtu wa kipaji changu anabanwa na nyuzi nyingi. Besi lina nyuzi nne tu, nene, haziponyoki, na hakuna anayemtazama mpiga besi. Nimemwambia seremala aniangalizie mninga. Jamaa wa vifaa naye amesema saa yangu ya ukutani inamvutia.

Mchana tulikula kwa mama mkwe. Alikuwepo kaka yake mkubwa, mzee mwenye heshima zake, aliyekuja kuona nyumba mpya. Masikio yake si mazuri sana. Akaniuliza siku hizi nashughulika na nini. Nikajibu kweli tupu, kama nilivyoapa. Nikamwambia nimeachana na mambo madogomadogo, sasa natafuta besi.

Mzee aliweka kijiko chini. Akanitazama kwa namna ambayo sijatazamwa katika familia ile tangu nioe. Akamwita dada yake aje asikie. Akasema kumbe kijana ana mawazo makubwa, watu wamekuwa wakimdharau bure.

"Basi," akasema, akinisogezea sahani ya nyama. "La abiria wangapi?"

Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nilimwona mama mkwe akija kutoka jikoni, anafuta mikono. Nafasi ilikuwepo, tena kubwa. Nyama nayo ilikuwa imeiva vizuri.

Nikamwambia ni dogo tu, mjomba. La kuanzia.